Siku Tiruwerk Alipozima Habari

Zenebech hakuwa mtu wa kupendwa na majirani, na hakuwa na haja hiyo. Kazi yake ilikuwa kuoka injera, ule mkate wetu mwembamba wa unga uliochachushwa. Kabla jua halijachomoza juu ya mji wa Adama moto wake ulikuwa unawaka, na wenye mahoteli walipofungua milango injera zake zilikuwa zimeshapangwa vikapuni, laini, pana kama ungo, zimejaa yale matundu madogo tunayoyaita macho. Injera isiyo na macho, alikuwa akisema, ni tambara la kudekia. Maneno yake mengi yalikuwa ya namna hiyo. Mwenye nyumba alimwogopa. Mumewe alipokuwa hai alimwogopa pia, Mungu amrehemu. Katika ule ua wa vyumba sita ni mtu mmoja tu aliyemkazia macho, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Tiruwerk, mwanamke mnene mwenye sauti ya king'ora. Wawili hao walikuwa wamegombania kila kitu kinachogombaniwa na watu wa ua mmoja: moshi, kamba ya nguo, zamu ya bomba, kuku.

Zenebech alikuwa na mtoto mmoja, Surafel. Vita vya kaskazini vilipoanza kijana alijiandikisha bila kumwambia mama yake, akaondoka na wenzake wakiimba juu ya lori. Huko akapewa kuendesha gari la maji. Alikuwa akipiga simu kila apatapo mtandao, anasema yuko salama, anauliza kama bado anagombana na Mama Tiruwerk, anacheka, anakata. Kisha simu zikakoma. Mvua kubwa zikaisha, maua ya manjano ya mwaka wetu mpya yakachanua yakanyauka, na simu haikulia.

Tangu hapo Zenebech akawa mtu wa habari. Redio ndogo aliitundika kwenye msumari juu ya bamba la kuokea. Simu aliiweka kifuani, na ikitetemeka alishtuka kama ameumwa na siafu. Majina ya miji na vilima asivyovijua aliyasema kana kwamba kuna shangazi yake huko. Mtangazaji akishusha sauti, mkono wa Zenebech uliinuka na unga, ukasahau kumwaga. Wenye mahoteli wakaanza kulalamika kwamba injera zake siku hizi zimefumba macho. Aliwajibu wakapike wenyewe.

Na kila mchana alikwenda kwa Tiruwerk, maana ndiye mwenye televisheni kubwa. Ugomvi ni ugomvi na kahawa ni kahawa. Wanawake walikaa kwenye viti vifupi, ubani unafuka, bisi kwenye sinia, wakanywa mikono mitatu ya kahawa, yaani mizunguko mitatu, kama ilivyo ada, wa mwisho ukiwa wa baraka. Zenebech alikaa karibu kabisa na kioo. Hakuzungumza. Alikuwa akitafuta gari la maji.

Juma moja hivi kabla ya siku tunayoisimulia, alianguka bombani, ndoo ikamwagika, na Tiruwerk ndiye aliyembeba mpaka zahanati huku akimlaani kwa uzito wake. Nesi alimpima mkono, akasema ni presha, ale, apumzike. Halafu akamwita Tiruwerk nje. Zenebech aliwaona dirishani wakinong'ona, nesi akitikisa kidole, Tiruwerk akiitikia kwa kichwa. Hakuuliza. Aliliweka moyoni.

Siku yenyewe, alipoingia kwa kahawa, kwenye kioo hakukuwa na mtangazaji. Kulikuwa na mchezo wa Waturuki. Mwanamume mmoja mwenye nywele za kung'aa alikuwa amejificha ndani ya kabati, mkewe anamtafuta, na wote wanaongea Kiamhara kilichobandikwa midomoni mwao.

"Weka habari," alisema Zenebech.

"Leo hakuna habari," alijibu Tiruwerk bila kugeuka. "Kaa."

"Hakuna habari? Vita vimekwenda likizo?"

"Kaa, Mama Surafel, huyu bwana atakuchekesha," alisema Lakech, yule binti aliyeolewa chumba cha mwisho, akampisha kiti chake mwenyewe, kile chenye mto.

Zenebech akakaa, akatazama. Si kioo, watu. Lakech alicheka kabla kichekesho hakijafika. Tiruwerk alimmiminia kahawa yeye kwanza, finjani ikajaa vizuri, sukari ilivyo kiasi chake. Mbele yake iliwekwa sahani ya mchuzi wa kuku, yai zima katikati, siku ambayo haikuwa sikukuu.

"Kula," alisema Tiruwerk. "Umekonda."

Wakati huo Gashe Demissew alichungulia mlangoni. Gashe Demissew ndiye mpiga mbiu wa chama chetu cha kuzikana, mzee mrefu tunayemwita Gashe kwa heshima, na hakuna kahawa iliyowahi kumpita. Alimwona Zenebech, akasalimu kwa kuinama sana, akauliza afya yake, afya ya kazi yake, akaondoka bila kukaa.

Zenebech akaweka finjani chini.

Maana kwetu kifo hakisemwi ovyo. Habari ikifika mchana, mwenye msiba haambiwi mpaka alfajiri, watu wamekusanyika mlangoni pake, wazee mbele, wanawake wenye nguvu nyuma wa kumshika asijiumize. Kabla ya hapo anatunzwa kama bibi harusi. Analishwa, kwa kuwa baada ya hapo hatakula. Anafichwa redio, asije akasikia peke yake. Anachekeshwa. Na akiuliza anaapiwa kwa Mariamu na kwa Mikaeli kwamba hakuna kitu, na kiapo hicho hakihesabiwi dhambi.

Zenebech aliijua kazi hiyo. Ndugu wa Tiruwerk alipofia Uarabuni, ni yeye aliyetumwa na chama kukaa naye. Alikaa naye mchana kutwa, akamwigizia mwenye nyumba anavyotembea, akamlisha kuku mpaka Tiruwerk akafungua mkanda. Alfajiri akawa wa kwanza mlangoni, shuka lake jeupe limegeuzwa, pindo juu shingoni, kama wafanyavyo wenye msiba. Tiruwerk aliliona pindo lile, akajua.

Zenebech akasukuma sahani.

"Mmesikia nini?"

"Nani kasikia nini?"

"Usinichezee, Tiruwerk. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini kwake. Kunywa kahawa."

"Apa."

"Naapa kwa Mikaeli," alisema Lakech haraka, na haraka ile ikamchoma Zenebech kuliko kisu. Aliinuka akiwa kwenye mkono wa pili, jambo ambalo halifanywi, akaiacha baraka ya watu birikani, akatoka. Nyuma yake yule Mturuki aliangukia kwenye nguo, na hakuna aliyecheka.

Alimkuta Gashe Demissew kwenye ghala la chama, anakunja hema la misiba.

"Unalikunja au unalikunjua?" aliuliza Zenebech.

"Salama, binti yangu? Lilinyeshewa, nililianika."

"Niambie sasa, Gashe. Mchana huu huu. Mimi si mtoto. Nikianguka nitaanguka hapa mbele yako, hema unalo."

Mzee aliweka kamba chini. "Hakuna kitu, Zenebech. Naapa kwa Mungu na watoto wangu. Hatujasikia lolote."

"Kwa nini basi hukunywa kahawa?"

"Tumbo linanisumbua."

"Tumbo! Kaburi la baba yangu lichimbuliwe kama una tumbo! Mimi mwenyewe nimeapa hivyo hivyo, nimewaangalia watu usoni nikaapa, na maiti iko njiani."

Demissew akakunjua mikono. Angesema nini? Akisema hakuna kitu, ndivyo angesema kama kingekuwepo. Akimpa pole, ameshasema.

Zenebech alirudi njia ya vumbi, amejifunga shuka kiunoni. Watu walimsalimu, naye alizichambua salamu zao kama mtu anayechambua dengu. Huyu ameinama mno. Yule ameangalia pembeni. Wema ulikuwa umemzunguka pande zote, na hapakuwa na ufa wa kuchungulia. Hapo karibu na kinu cha unga akasimama. Alijiuliza, ni kitu gani ambacho hakuna mtu awezaye kumfanyia mama aliyefiwa, hata kwa kuigiza, hata kwa kulipwa?

Kumtukana. Kumtukania mtoto wake aliyekufa. Hilo hata jambazi hafanyi.

Akafunga shuka upya, akaingia uani kwa hatua za mtu anayekwenda kudai chake.

Tiruwerk alikuwa anapuliza makaa mlangoni pake. Zenebech alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akavuta blanketi la Tiruwerk lililokuwa linakauka, akalitupa chini kwenye majivu.

"Limenifunikia jua," alisema. "Na linanuka."

Lakech alitoka, akaziba mdomo. Tiruwerk alilitazama blanketi. Shingo ilimvimba. Halafu akavuta pumzi.

"Haidhuru, dada yangu," alisema polepole. "Nitalifua tena."

Dada yangu! Miaka yote hiyo hajawahi kumwita dada. Zenebech akashika mti wa kamba.

"Usiniite dada. Kahawa yako ni maji ya kuoshea miguu. Watu wanakuja kwako kwa sababu ya televisheni, wakitoka wanatema."

"Mungu akupe afya."

"Mumeo alikimbilia Hawasa, akasema afadhali mbu wa ziwani kuliko sauti yako."

"Ingia ndani upumzike, Mama Surafel," alisema Tiruwerk. Alikuwa ameukamata mwiko kwa mikono miwili. "Nakuomba."

Zenebech alimwona anavyojizuia, na kila alivyojizuia ndivyo mwanawe alivyozidi kufa. Machozi yalishaanza kumtoka. Basi akachukua lile jiwe ambalo watu wawili walioishi ukuta kwa ukuta hulijua na kuapa kutoligusa.

"Siku ndugu yako alipokufa," alisema, "ulikula kuku wangu ukalamba vidole. Yeye analala kwenye jokofu la Waarabu, wewe unaniomba paja la pili."

Tiruwerk aliinuka kwenye makaa taratibu, mwiko mkononi, uso umegeuka rangi.

"Wewe," alisema. "Wewe kenge! Wewe mchawi uliyekauka! Nimekubeba mgongoni mpaka zahanati, kiuno changu mpaka leo hakinyooki, na hivi ndivyo unavyonilipa? Nesi kaniambia ukiendelea kusikiliza vita utapasuka mshipa, nikawaomba watu wazima wanyime macho yao habari, nikachinja kuku wangu anayetaga, nimekaa natazama mwanamume mjinga ndani ya kabati, kwa ajili yako! Na huyo mwanao! Usifikiri simsemi! Punda asiyejua hata kubonyeza simu! Amejaa huko kambini anakunywa pombe ya asali, mama yake anaanguka bombani! Mvivu tangu kuzaliwa, alivunja birika langu akamsingizia paka! Akirudi hapa na hizo buti zake nitamtandika kwa mwiko huu, tena mbele yako, na ukifungua mdomo nakutandika na wewe!"

"Rudia," alisema Zenebech.

"Nini?"

"Ulivyomwita. Rudia."

"Punda! Mvivu! Mwongo! Miguu ya bata!"

Zenebech akakaa chini, pale pale kwenye majivu, juu ya blanketi. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Lakech alimkimbilia na maji. Aliyanywa yote, akajifuta kwa ukingo wa shuka.

"Kwa hiyo hamjasikia kitu."

"Tungesikia wapi? Tumezima kila kitu!"

"Apa."

"Siapi!" alifoka Tiruwerk. "Kaa hapo uoze! Siapi kwa ajili ya kenge!"

Hilo lilimtuliza Zenebech kuliko viapo vyote vya siku ile. Hata hivyo halikumwambia lile alilotaka zaidi kulijua. Majirani hawajui, basi hakuna ajuaye. Gari la maji lilikuwa mahali fulani, au halikuwa. Lakini kesho alfajiri hakuna atakayesimama mlangoni pake. Hilo alikuwa nalo.

"Lile nililosema juu ya ndugu yako," alianza.

"Lile sikusamehe."

"Sijakuomba."

"Basi vizuri."

Tiruwerk akaokota birika la udongo, akaingia ndani. Baada ya muda ikasikika sauti yake, kavu kama kuni. "Mkono wa tatu unapoa. Anayetaka baraka aje anywe, asiyetaka aende zake. Na huyo aliyekaa kwenye majivu afute makalio kwanza."

Zenebech aliinuka, akalikung'uta blanketi, akalirudisha kwenye kamba, upande ule ule uliomfunikia jua. Akaingia. Kiti chenye mto kilikuwa kimechukuliwa na Tiruwerk mwenyewe. Alipewa kigoda karibu na mlango, na finjani iliwekwa mbele yake kwa kishindo, kahawa ikamwagikia kwenye kisahani, bila sukari. Akainywa hivyo hivyo.

Mturuki alikuwa ameshatoka kabatini, amevaa gauni la mkewe, anajaribu kupita mbele ya mama mkwe.

"Yule kizee ni nani?" aliuliza Zenebech.

"Nyamaza utazame," alisema Tiruwerk.

Alitazama. Mama mkwe alimwamkia mkwewe kwa heshima, akamsifu ndevu, akamuuliza kama ameolewa. Zenebech akadhani ni kilio kinachomjia, kikatoka pua na mdomo pamoja na kahawa. Alicheka vibaya, kwa mkoromo, kama mtu aliyesahau inavyofanywa. Hakuna aliyemtazama. Lakech aliuma kidole.

Kisha mchezo ukakatika katikati, ukapigwa ule muziki wa ngoma na tarumbeta unaotangulia taarifa ya saa kumi. Mtangazaji akatokea, anapanga karatasi zake. Wanawake wakageuka wote kumwangalia Zenebech. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda kifuani, juu ya simu, na ukabaki hapo.

"Tafuteni kituo kingine," alisema.

"Rimoti iko mbele yako," alisema Tiruwerk. "Mimi si mtumishi wako."

Zenebech akaichukua, akaigeuza huku na huku kwa kuwa hakuijua, akabonyeza vibaya mara kadhaa huku mtangazaji akifungua mdomo, mpaka mwishowe alipompata mtu fulani anayeimba harusini.