Kapeti Niliyowatandikia Wakwe

Nikikumbuka siku ile uso bado unanichoma, na kusema ukweli sina wa kulaumu, ingawa siku yenyewe nililaumu kila mtu.

Nilikuwa napeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa kina Mwende, Kathonzweni (kwetu Wakamba bila hao mbuzi huna mke, hata muwe mmeishi pamoja miaka), na wazee wa kule walikuwa wamesema saa sita, si saa saba. Nikachukua pikapu kuukuu ya marehemu baba, mbuzi nyuma, mjomba na shangazi mbele nami. Pale chini kwa dereva pameliwa na kutu, vumbi linapanda mpaka puani, na shangazi alikuwa amevaa nguo ya kanisa, kwa hivyo asubuhi nikakunja kapeti ya sebuleni mara mbili nikatandika. Nikajiona mwerevu.

Kupita mji wa Wote gari likawa halivuti. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, wapi, punda wa kubeba maji akatupita. Nikasimama nikasafisha plagi, nikakung'uta filta ya hewa, nikanusa petroli (kana kwamba najua petroli mbaya hunukaje), kisha nikampigia Muthama, fundi aliyetengeneza kabureta juzi, simu ikiwa kwa spika ili wote wasikie, nikamwita mwongo.

"Sawa, mimi ni mwongo," akasema polepole. "Lakini mafuta unakanyaga yote?"

"Mpaka chini," nikasema, nikakata simu.

Kwa mlima wa mwisho kabla ya kwa kina Mwende gari likasimama kabisa. Saa tano na nusu. Mjomba akashusha mbuzi.

"Wewe baki na gari lako. Hawa wana miguu."

Wakaenda wote, shangazi na nguo yake ndani ya vumbi, nami nikabaki nikiwaza Mwende anaambiwa nini.

Nilihangaika nalo zaidi ya saa nzima mpaka likakubali kutambaa likiwa tupu, nikafika saa saba. Baba Mwende akaomba ufunguo alisogeze kivulini, akaingia, akakanyaga, akainama, akavuta kapeti yangu nje mbele ya watu wote.

"Kijana, huku chini ulitandika kitanda?"

Akakanyaga tena, injini ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika.

"Mbuzi walifika kabla ya saa sita," akasema, "kwa hivyo Mwende ni wako. Uliyechelewa ni wewe peke yako."

Nikampigia Muthama palepale kumwomba radhi, tena kwa spika, maana matusi nilimpa kwa spika. Hakunicheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Siku hizi kabla sijamwita mtu mwongo, nainama kwanza nitazame chini ya mguu wangu.