Mtupaji Aliyechapwa Jana

Mwanangu, kabla hujamwondoa mtupaji wako kwenye mchezo huo, vuta kiti usikilize. Nakumbuka alasiri moja pale Pasiansi, katika chumba cha kompyuta cha baba mdogo Idrisa. Mimi na binamu yangu Salma tulikuwa na timu moja kwenye mchezo wa besiboli wa kompyuta. Timu ilikaribia kushuka daraja, na kabla ya mechi ya mwisho ilitubidi tumwondoe mmoja kati ya watupaji wawili, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Tulikuwa tumewabatiza wenyewe: Kimondo, mwenye mpira wa kasi, na Mpole.

"Mpole aondoke," nikasema. "Jana kachapwa kama ngoma ya Bujora."

Salma akacheka. "Wewe hata mume utamrudisha kwao siku akiunguza ugali."

Baba mdogo akasogea. "Mmesoma alama zake, au matokeo ya jana tu?"

"Ya jana tu," nikakiri. Kuuliza si ujinga, lakini hatukujua hata tuulize nini. Akatueleza polepole. Ukali ni uwezo wa kumfanya mpigaji apunge gongo akose. Mpindo, yaani mpira kukata kona hewani, hufanya hata ukigongwa usiruke mbali. Shabaha humzuia mtupaji asiwape wapigaji njia ya bure, yaani kwenda kituo cha kwanza bila kupiga mpira. Halafu kuna pumzi, maana wengine ni moto mwanzoni tu. Alama haziahidi ushindi, mwanangu. Ni uzito kwenye mizani. Kisha kompyuta huongeza bahati yake.

"Jana Mpole hakumpa mtu njia ya bure," akasema. "Mipira iligongwa hovyo, ikaangukia pasipo na mtu. Huyo Kimondo wenu, shabaha yake ikoje?"

Salma akatazama skrini, akaguna. "Mh. Huyu anatupa kama amefumba macho."

Tukambakiza Mpole. Mapema tu akapigwa mpira mrefu, nikataka kulia. Kisha akatulia, akawamaliza wapigaji mmoja mmoja, na tukanusurika kwa pointi moja. Hata tungeshuka, uamuzi ungebaki kuwa sahihi.

Wazee husema nyota njema huonekana asubuhi. Mtupaji, mimi naona, huonekana msimu ukishakomaa. Usimpime mtu kwa siku yake mbaya, wala usipumbazwe na sifa moja inayong'aa.

Mungu akupe jicho lenye subira, na kazi ya mikono yako aibariki. Sasa fungua ukurasa wa mtupaji wako. Soma ukali, mpindo, shabaha na pumzi, kisha pitia mechi zake za msimu mzima. Ukimaliza, ndipo uamue.