Chupa ya Kumi na Mbili

Mdogo wangu ameosha chupa za maabara miaka ishirini na sita, na uchafu anaujua kwa sura.

Mwaka fulani mtaalamu mmoja wa pale alirudi na tope la chemchemi za moto zilizo chini kabisa ya bahari. Humo waliishi bakteria wanaokula chuma kilichoyeyuka majini na kuacha kutu. Miezi mitatu walikaa kimya katika chupa kumi na mbili, bila kuota.

“Mama, osha zote,” mtaalamu akamwambia mdogo wangu. “Wamekufa.”

Mdogo wangu akaosha kumi na moja, moja akaiweka kando.

“Na hiyo?”

“Hii siioshi, mwanangu. Jumatatu kutu ilikuwa chini ya mstari huu, leo imeupita. Nimeosha uchafu kabla hujaanza shule, sijaona unaoota.”

Mtaalamu akaiinua kwenye mwanga. Kumbe kifuniko kililegea, hewa kidogo ikapenya, nayo ndiyo waliyokuwa wakiitaka bakteria. Akavuta kiti akakaa.

“Safari nzima ya meli, mama. Ningeimwaga kwenye sinki.”

“Wewe ungemwaga.”

Tangu hapo hakuna chupa inayooshwa pale kabla mdogo wangu hajaulizwa. Naye, namjua, anapenda sana kuulizwa.