Kidole Gumba Kimoja, Wapangaji Wanne

Kosa langu la kwanza katika umeneja wa nyumba lilikuwa kuzionea aibu karatasi za watu. Mama mmoja wa Mahango alinikabidhi vyumba vyake sita vya kupangisha huko Bwera, mji wa mpakani, nikakuta mikataba ya wapangaji imeandikwa kwenye kurasa zilizochanwa kutoka daftari za shule. Mmoja ulikuwa na doa la mawese. Mwingine ulikuwa na hesabu za mtoto nyuma, na zote amekosa. Kazi hii nilijifundisha kwa kutazama video kwenye simu, na kwenye simu sikuwahi kuona meneja mwenye doa la mawese.

Nikainakili yote upya kwa wino mmoja wa buluu. Sahihi nikaziiga, nikaziboresha kidogo pale mwenyewe alipoteleza. Wanne waliotia dole gumba, alama zao zilikuwa zimevujavuja. Nikatia langu, ambalo hutoa mistari safi. Ile mikataba ya zamani nikaichoma.

Miezi michache baadaye, upepo uling'oa mabati yote. Mama alikuwa na bima, lakini kampuni ilitaka mikataba, ithibitishe kwamba vyumba vilikuwa na watu.

"Mwanangu, leta karatasi ofisi ya bima, Kasese," akanipigia simu. "Bila bima sina mabati, na watu wangu wanalala kanisani."

Nasikitika kusema nilifurahi. Hatimaye mtu angeliona faili langu.

Mkaguzi wa bima alifungua kurasa mbele yetu, polepole, kisha akainua macho.

"Meneja, hawa wanne wanaishi vyumba tofauti?"

"Ndiyo, bwana."

"Na dole gumba wanaazimana?"

Nikaeleza habari ya usafi. Mama akanigeukia.

"Umeziogesha karatasi zangu?"

Mkaguzi akasema tumletee mikataba halisi kabla ya Ijumaa, la sivyo anafunga madai. Mama alifunga kitambaa chake kichwani upya, mara mbili, akatoka.

Nikaenda Bwera kuungama. Nilianza na mpangaji wa chumba cha kwanza, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Meneja, weye iko mutoto kabisa! Mukataba tuliandika mbili, moja ya mwenye nyumba, moja yangu. Siye tulikimbia vita. Sufuria tuliacha, karatasi tulibeba."

Akautoa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia, ukiwa na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Kumbe hapa kila mkataba huandikwa mara mbili, mbele ya mashahidi, na kila mtu hulijua hilo isipokuwa mimi na simu yangu. Kufikia jioni nilikuwa nimepata yote sita. Mmoja ulikuwa umefunika kopo la chumvi.

Alhamisi mkaguzi aliunusa mkataba wa mpangaji mwingine, mchuuzi wa samaki wa Kahendero.

"Huu unanuka," akasema. "Huu nauamini."

Mabati yalirudi juu. Mama alinirudishia faili langu zuri: "Kaa nalo, ulisome."

Siku hizi sinakili karatasi ya mtu. Naipokea ilivyo, na doa lake, naitia kwenye bahasha, na kabla mpangaji hajaondoka namwuliza kama amebaki na yake.