Gunzi Kwenye Bomba la Pumzi

Wewe uliyewasha hita ya bafuni asubuhi ya leo na kwenda zako, hebu nisikilize kidogo. Mimi nilianza kazi ya ufundi bomba Mbeya, miaka ya hamsini, mwezi wa Julai, sakitu, ule umande ulioganda, ikiwa imeyafanya majani kuwa meupe. Siku ya kwanza foremani wa mabomba hakunipa hata spana. Alinipeleka nyuma ya nyumba moja ya serikali, akanionyesha pipa la chuma lililolazwa juu ya meko ya matofali.

"Hili ndilo boila. Unaona mabomba mangapi?"

"Matatu, bwana."

La kwanza lilileta maji baridi kutoka tangi la darini. La pili lilipeleka maji ya moto bafuni. La tatu lilisimama wima mpaka juu ya paa, mdomo wazi, haliendi popote. Tuliliita bomba la pumzi, kwa sababu maji yakichemka kupita kiasi, mvuke hutokea hapo.

"Maji yakipata moto yanavimba," foremani akasema. "Yanaweza kurudi tangini, au kutokea kwenye pumzi. Ziba njia zote mbili, halafu koka moto. Umetengeneza nini?"

"Sijui, bwana."

"Bomu."

Kila miezi mitatu tulizungukia maboila yote. Unafungua koki ya chini na kumwaga maji mpaka tope na kutu viishe. Unagonga tumbo la pipa kwa nyundo: likilia kama kengele, chuma ni kizima; likitoa sauti butu, kutu imeshalila. Unapitisha waya kwenye bomba la pumzi, kisha unajaza maji upya. Si kazi ngumu. Ugumu wake ni kwamba lazima uimalize.

Mwaka wangu wa pili nilihamishiwa Iringa, kwa foremani mwingine. Asubuhi ya safari ilibaki nyumba moja tu, ya wauguzi. Nilimwaga tope, nikajaza pipa. Kisha nikaona bomba la bafuni linavuja, nikafunga koki ya maji baridi ili nibadilishe mpira wa ndani wa bomba hilo. Lori lilikuwa limeshafika, honi haikomi. Kupanda paani na waya niliona nitachelewa. Nikakusanya vifaa, nikakimbia.

Tulipofika Ilomba, nje kidogo ya mji, nikaanza kuihesabu kazi niliyoiacha. Mpira nilibadilisha. Koki je, niliifungua? Nilijaribu kuukumbuka mkono wangu ukiizungusha, sikuuona.

"Ambokile, simama," nilimwambia dereva.

"Umesahau nini? Mke?"

"Koki."

"Foremani anakungoja Iringa leo. Ukishuka, mimi siwezi kukungoja."

Nilishuka. Mzee Ambakisye, mtunza boila wa nyumba ile, aliwasha moto saa tatu kila asubuhi ili wauguzi wakirudi kutoka zamu ya usiku wakute maji tayari. Na kwa baridi ile alikaa papo hapo mbele ya meko, akimenya viazi. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea tena, macho kwenye jua.

Nilimkuta ameshakaa, sufuria mapajani. Pipa lilikuwa linanguruma, na kifuniko chake kimevimba. Juu ya paa hapakuwa na mvuke hata kidogo.

"Mzee, ondoka hapo!"

"Salamu kwanza, mwanangu. Huko kwenu hamsalimiani?"

Nilimvuta mkono, viazi vikamwagika. Nikachukua upondo mrefu, nikavuta kuni zote nje ya meko, kisha tukajificha nyuma ya ukuta wa mawe. Nilimkataza kila mtu kuingia bafuni. Tulingoja. Sijui kwa muda gani.

Ghafla pakalia mlio kama wa bunduki. Kitu kikaruka kutoka juu ya bomba la pumzi, kikaangukia bustani, na mvuke ukafuata ukipiga mluzi.

Mzee alienda kukiokota. "Gunzi langu!" akasema. "Nililizibia bomba juzi. Lile bomba linadondoshea kuni zangu maji." Halafu akatazama pipa, akakaa chini taratibu.

Koki ya maji baridi ilikuwa imefungwa, kama nilivyoiacha.

Nilifika Iringa siku ya pili yake, nikaeleza kilichonichelewesha. Foremani aliniuliza, "Gunzi ni la mzee. Koki ni ya nani?"

"Yangu, bwana. Na waya sikupitisha."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Kisha akasema, "Ungeweza kumwachia mzee lawama zote. Kesho utaanza na nyumba yangu. Watoto wangu wanaoga hapo."

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na hofu ile sikuwahi kuiacha, nadhani ilinisaidia. Sasa naishi kwa binti yangu, ambako kuna hita ya umeme iliyotundikwa ukutani. Ina kijibomba pembeni kinachodondosha matone. Mkwe wangu alitaka kukiziba kwa sababu kinalowesha sakafu. Nilimwekea ndoo, nikamsimulia habari za gunzi.

Nawe usikizibe. Na kabla ya kuwasha, fungua kwanza bomba la maji ya moto. Maji yakitoka, njia iko wazi: funga, washa. Yasipotoka, usiguse swichi, umwite fundi.