Mfungo wa Kule Juu

Mwaka jana mwezi wa nane, watu kumi na wawili wa kanisa letu la mjini Wote tulipanda Mlima Kenya kufunga na kuomba siku tatu, bila chakula wala maji. Mama yangu, mkulima wa Kanyangi aliyezaliwa na kuzeekea juani, ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Tumezoea kuombea kwenye vilima vya Mbooni, ambako unapanda asubuhi na jioni uko nyumbani unasonga ugali. Kwa ujinga wetu tulidhani mlima ni mlima.

Mzee wa huko aliyetuongoza njia alitusihi tulale katikati ya safari, walau siku mbili, mwili uzoee. Kiongozi wetu wa maombi akakataa. Siku za mfungo zilianza kuhesabiwa tulipopita geti, na nani angekubali kuzimalizia njiani? Tukapanda moja kwa moja hadi miti ilipoishia.

Kulipokucha mama aliumwa kichwa, akawa anatapika mate matupu. Alihema akiwa ameketi, kama mtu aliyetua mtungi sasa hivi. "Hii ni vita," kiongozi akasema, na wenzetu wakamzunguka wakiomba kwa sauti. Mimi pia niliomba, nakiri. Kisha mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Umefungulia mbuzi?"

Hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na mawe, na barafu kwenye nyasi.

Yule mzee alichora mstari chini kwa fimbo. "Mama, hebu tembea kwa hii laini, kisigino kiguse vidole." Hatua ya pili akayumba. Ya tatu akaniangukia.

"Huyu hawezi ngoja," mzee akaniambia. "Hewa ya huku ni kidogo. Sisi tumezaliwa nayo, lakini nyinyi damu yenu inataka siku kadhaa ijifunze. Mshushe saa hii."

"Tukishuka, adui ameshinda," kiongozi akasema.

Nina hasira za karibu, na mama hunitania kwa hilo. Asubuhi ile nilimjibu mtumishi wa Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukamshika mama, mzee huku na mimi huku, tukateremka. Kila alipofumba macho nilimwita kwa kelele. Niliogopa kumrudisha Kanyangi ndani ya sanduku, ndugu zake waniulize nilikuwa wapi.

Tulipofika kwenye mianzi pumzi yake ilianza kutulia. Chini zaidi akajinasua mikononi mwetu, akasimama mwenyewe, akanikazia macho. "Nani amekuambia tuvunje mfungo?" Nililia kwa furaha. Nikampa maji ya yule mzee, akanywa chupa nzima huku akinigombeza.

Kanisani alitoa ushuhuda kwamba maombi ya kule juu ndiyo yaliyomfungua. Watu wakapiga makofi. Kiongozi akanitazama. Ningemwaibisha mama mbele ya kanisa zima? Nikasema amina pamoja na wengine.

Jumapili iliyopita orodha ya safari ya mwaka huu ilibandikwa mlangoni. Ni siku tatu tena, bila kulala njiani. Jina la kwanza ni la mama. Niliomba kalamu, nikaandika langu chini yake. Lazima awepo mtu wa kumshusha.