Albamu za Odhiambo za Kila Jumamosi

Nakumbuka Jumamosi moja, Mwanangu, na ninawakumbuka wote waliokuwa chumbani mwetu Kayole, Nairobi: mimi Akinyi, kifungua mimba, mdogo wangu Odhiambo, aliyekuwa kidato cha tatu, Anyango, kitindamimba wetu, Shangazi Perpetua, dada yake marehemu baba, aliyefika asubuhi na basi kutoka Siaya, na jirani yetu Mama Halima, muuza vitambaa, aliyekuja kurudisha chujio akakaribishwa chai.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule, nauza majiko ya makaa soko la Muthurwa. Mama alipozikwa, jamaa walikaa kikao cha kutugawana, kama ilivyo desturi: Odhiambo aende kwa huyu, Anyango aende kwa yule. Niliomba tubaki pamoja. Walikubali shingo upande, wakaweka sharti moja: mtoto mmoja akiharibika mikononi mwangu, wote watachukuliwa.

Sasa, huyu Odhiambo alikuwa na jambo lake. Wiki nzima akitoka shule alipitia duka la intaneti, akapakua muziki kwenye simu. Muziki wenyewe haukuwa wa kucheza wala wa kuimba. Kulikuwa na albamu ya barafu inayopasuka juu ya ziwa la nchi ya mbali. Kulikuwa na mtu anayepuliza tarumbeta pasipo kutoka chochote ila pumzi. Nyingine ilikuwa mvumo mmoja tu, kama friji ya bucha, tangu mwanzo hadi mwisho. Jumamosi alichagua zile zilizomvutia kuliko zote, akaunganisha simu na spika, akatangaza kama mtu wa redio: "Karibuni kwa albamu za wiki." Kuta za vyumba vya kupanga vya ploti yetu ni nyembamba, kwa hivyo ploti nzima ilikuwa imekaribishwa, itake isitake.

Kuna jirani aliyechoka akampigia Shangazi simu. Ndiyo sababu ya safari yake.

"Akinyi, sikuja kugombana," alisema kabla hata chai haijapoa. "Nimeambiwa kijana anasikiliza kelele za mashetani na wewe umekaa tu. Naondoka naye na basi la jioni. Huyu mdogo tutamzungumzia baadaye."

Bahati mbaya, Odhiambo alikuwa ameshabonyeza. Kwenye spika kulitoka mlio mrefu wa chuma, kama kitu kinachovutwa kisichotaka kuja.

"Odhiambo, zima hiyo kitu," nikamwambia. Akazima. Nikamgeukia Shangazi. "Hatarudia tena."

Mama Halima aliweka kikombe chini. Nilidhani anataka kuaga.

"Akinyi, wewe umewahi kusikiliza moja mpaka mwisho?"

"Hapana, Mama."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

"Basi hapa umeahidi kumkataza kitu gani?" Hakupaza sauti, na hilo lilinichoma zaidi. "Mtoto anakukaribisha kila wiki, wewe unaosha sufuria. Hujamuuliza hata siku moja anasikia nini humo." Kisha akamwangalia Shangazi. "Mgeni wetu, basi ni la jioni, muda upo. Tusikilize. Kama ni mashetani, begi la kijana nitalibeba mimi hadi stendi."

Shangazi alicheka kidogo, kwa sababu Mama Halima alikuwa mwembamba kama ufagio. Akajisogeza kitini akasema haya, tusikie.

Odhiambo alisimama pale karibu na spika, mikono haijui pa kukaa. "Huyu jamaa alienda kwa jengo limeachwa, akarekodi milango tu. Halafu mwenzake anaifuata na fidla kubwa."

"Milango?" akauliza Shangazi.

"Milango, Shangazi."

"Na kwa kazi hiyo kuna mtu alimpa chakula?"

Odhiambo akabonyeza tena. "Mlango huo wa kwanza ni kama wa choo chetu," akasema Anyango, na Mama Halima akacheka hadi akajifuta macho kwa mtandio.

Lakini tuliendelea kusikiliza, Mwanangu, na mimi nikaanza kushangaa. Kazi ya majiko inakufundisha kugonga udongo wa ndani kwa kidole: mzima unalia, wenye ufa unakohoa. Nikajikuta naipima ile milango vivyo hivyo. Huu ni wa chuma. Huu ni wa mbao, umelowa. Bawaba ya huu imekaukiwa. Halafu ile fidla ikaingia chini kabisa, polepole, ikaushika mlio wa mlango na kuuvuta, mpaka nikapotea.

"Sasa huo ni mlango au ni fidla?" nikauliza.

"Hapo ndipo napapenda, siste," akasema Odhiambo. "Hata mimi sijui."

Lilikuwa swali langu la kwanza kwake juu ya muziki huo. Mikono yake ikatulia.

Ndipo Shangazi akasema, "Rudisha hapo." Odhiambo akarudisha. "Tena." Akarudisha tena. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Lango la boma letu alilichomelea baba yenu," akasema. "Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuchomelea, akaliweka bawaba zikiwa zimepinda. Ukilifungua linalia hivyo hivyo, na mwisho linashuka hivyo. Vijana wanataka kulitia mafuta, nawafukuza. Nilidhani ni mimi tu mwenye wazimu."

Tuliisikiliza albamu ile hadi ikaisha yenyewe. Kisha akamuuliza Odhiambo kama simu yake inaweza kushika sauti ya lango. Akasema inaweza.

"Basi Akinyi, utamleta likizo alishike. Alete na hizi zake nyingine, nisikie watu wengine wanahangaika na nini."

"Nitamleta, Shangazi."

Jioni tulimsindikiza stendi, akapanda basi peke yake. Kikao cha kutugawana hakikuitishwa tena.

Leo Odhiambo ni mtu mzima na bado kila Jumamosi anatutumia albamu zake za wiki kwenye simu. Nyingine ninazipenda. Nyingine zinaniumiza meno, nami humwambia hivyo, lakini baada ya kuzimaliza.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii, Mwanangu. Mtu wa nyumbani mwako akipenda kitu usichokielewa, usikimbilie kukizima ili wageni wakuone mlezi mwema. Keti naye. Kisikilize mpaka mwisho, kisha muulize anasikia nini, na umngoje ajibu. Huenda usikipende hata baada ya hapo, na si lazima ukipende. Ila utakuwa unamjua unayemlea. Mungu akupe masikio yenye subira, akujalie mtu wa kukusikiliza nawe, na nyumba yako isigawanywe.

Mimi bado nina deni la safari ile ya lango. Kila likizo lilizuka jambo: karo, ugonjwa wa Anyango, kisha Odhiambo kupata kazi isiyompa likizo. Shangazi amezeeka, hatembei mbali, ila hajamruhusu mtu kulitia lango mafuta. Juzi alinipigia simu akauliza tunakuja lini. Nikamwambia Desemba. Akasema, "Hata mwaka jana ulisema Desemba."